Uzinduzi wa Kituo cha Watoto Waliopotea

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Siku ya Leo. Mheshimiwa Naibu wake, ambaye naambiwa yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Viti, Maturubai na Vipaza Sauti. Bwana Meneja wa bustani hii ya burudani. Fundi Mkuu wa Gurudumu Kubwa. Ndugu waendeshaji wa treni ya watoto, farasi wa kuzunguka na magari ya kugongana. Mama muuza bisi. Ndugu yangu uliyevaa vazi la sungura, ambaye nakuomba uvue kichwa ili tukutambue rasmi. Wazazi, walezi, mashangazi, wajomba, mababu na mabibi. Na watoto wetu, taifa la kesho, mliokalishwa kwenye nyasi ili wakubwa wapate viti: itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Sungura anavua kichwa. Mtoto mmoja anaangua kilio.)

Kabla sijaanza, naomba nianze kwa kujitambulisha, ingawa sina haja. Mimi ndiye Mkurugenzi wa Usalama wa Familia Katika Maeneo ya Kujifurahisha. Nimehudhuria warsha, makongamano, semina elekezi na semina za kuelekeza semina elekezi, na vyeti nilivyotunukiwa vimejaa ukuta wa sebule hadi mke wangu anasema amesahau tuliupaka rangi gani. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu nisipoyasema mimi, mtu mwingine atayasema kwa kifupi.

(Kicheko. Mke wa Mheshimiwa, safu ya mbele, anatazama juu.)

Ndugu wananchi, usalama wa familia inapotembelea bustani ya burudani ni suala mtambuka, holistiki, linalohitaji ushirikishwaji wa wadau katika ngazi zote, kuanzia ngazi ya juu hadi ngazi ya kile kitelezi cha manjano pale, ambacho nacho kina ngazi. Ndiyo maana asubuhi hii nilielekeza kwamba mashine zote zizimwe, na wahudumu wote bila kubakiza, hadi mlinzi wa lango, hadi yule kijana mwenye boya anayekaa pembeni ya bwawa la boti, waje waketi hapa wanisikilize. Watu walisema, Mheshimiwa, bwawa litabaki na nani? Nikawajibu, bwawa haliendi popote. Usalama haufundishwi kwa viti vitupu.

(Makofi kutoka Kamati Ndogo ya Viti.)

Aidha, nimeelekeza kwamba spika zote za bustani ziunganishwe na kipaza sauti hiki nilichoshika, ambacho naelezwa ni kimoja tu. Siku nyingine mtangazaji wa bustani, dada yule aliyesimama penye ngazi za jukwaa, hukitumia kuwatangaza watoto waliopotea, mara mwenye kofia nyekundu, mara mwenye kiatu kimoja. Leo dada apumzike. Hakuna mtoto atakayethubutu kupotea mimi nikiwa nazungumza.

(Kicheko kirefu. Mtangazaji hacheki.)

Na ili msije mkasema huyu anahubiri maji huku anakunywa kitu kingine, nimekuja na familia yangu mwenyewe, familia ya mfano, ambayo ofisi yangu inaiita familia ya paileti, yaani ya majaribio. Simameni wawaone. Yule ni mke wangu. Yule ni binti yangu mkubwa. Yule ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, kijana mtulivu, anayependa aiskrimu kuliko umri wake unavyoruhusu. Na huyu mwenye gauni la njano na soksi moja iliyoshuka ni mjukuu wangu. Jina lake la nyumbani ni Wakili. Ana miaka sita, na amejua kusoma majuzi tu. Tangu siku hiyo hapiti kibao bila kukisoma kwa sauti, na akishakisoma lazima kitimizwe. Juzi tumekwenda dukani, mlango umeandikwa Sukuma, mimi nikavuta. Mlango ulifunguka, nikaingia. Huyu mtoto alinitoa nje, akaufunga, akaniambia, babu, ingia upya.

(Kicheko na makofi. Wakili anainama kwa heshima. Anaketi.)

Kaeni, kaeni. Sasa mnaona nyuma yangu pazia la buluu. Nyuma ya pazia hilo kuna jambo. Jambo hilo, ambalo nitalizindua rasmi mwisho wa hotuba hii, ni Kituo cha Watoto Waliopotea, chenye viwango vya kimataifa. Nyumba ya vyumba viwili. Chumba cha kwanza kina muuguzi mwenye sare, maji ya kunywa na vitanda vidogo. Chumba cha pili kina mlezi mwenye sauti ya upole, mdoli wa kumbembelezea mtoto, na simu ya kumpigia mzazi. Vibao vyake mmeviona tangu langoni, vyenye mshale: Umepotea? Fuata mshale. Vibao ndivyo tulivyotanguliza, kwa kuwa mradi wowote makini huanza na mwelekeo. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

(Makofi mazito. Fundi seremala, safu ya nne, anatazama viatu vyake.)

Nirudi kwenye kiini. Familia inayokuja hapa lazima ianze usalama nyumbani, kabla haijafunga mlango. Kanuni ya kwanza ya kurugenzi yangu, niliyoitunga nikiwa naoga: mtoto mmoja, mkono mmoja. Kabla hamjatoka, semeni kwa sauti, mtoto huyu ni wa mkono wa nani. Msiseme tutamwangalia wote. Utafiti wa ofisi yangu umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya watoto wanaopotea walikuwa wameongozana na watu wanne au zaidi, na kwamba asilimia mia moja yao, kabla ya kupotea, walikuwapo. Mtoto anayeangaliwa na watu wanne haangaliwi na mtu. Mama anadhani yuko kwa baba, baba anadhani yuko kwa bibi, na bibi, maskini, anatafuta miwani.

(Kicheko. Mkwe wa Mheshimiwa anarudi kwenye kiti chake na aiskrimu nne. Anatazama kushoto. Anatazama kulia.)

La pili, mvalisheni mtoto rangi inayoonekana kwa mbali, na mpigeni picha asubuhi ileile akiwa na nguo hizohizo. Mzazi akiulizwa mtoto alivaa nini, husahau. Nimewahi kumshuhudia baba mmoja akisema mwanawe amevaa suruali ya buluu, na mtoto alipopatikana alikuwa msichana mwenye gauni. La tatu, kimo. Ile fimbo iliyosimama kwenye mlango wa gurudumu, iliyoandikwa mtoto asipofika hapa asipande, haikuwekwa hapo kwa ajili ya kubembelezana. Kuna wazazi wanawatia watoto vitambaa ndani ya viatu ili wafike alama. Kuna shangazi alimwambia mtoto avute shingo. Mkanda wa kile kiti hauijui shingo, unakijua kiuno.

(Kicheko. Shangazi mmoja anabadilisha kiti. Nyuma ya pazia inasikika: ngo, ngo, ngo.)

Msishtushwe na mlio huo. Ni mafundi wanakamilisha mambo madogomadogo ya umaliziaji. Kazi nzuri ina kelele zake. La nne, tumbo. Mtoto asishibishwe ndipo azungushwe. Mimi mwenyewe, kwa ajili ya tathmini ya kitaalamu, nilikula mkate na mayai manne nikapanda farasi wa kuzunguka, na matokeo ya tathmini hiyo mwendeshaji anayajua, alikuwa amekaa nyuma yangu.

(Kicheko kikubwa. Mwendeshaji anatikisa kichwa. Mke wa Mheshimiwa amesimama, anatazama chini ya viti.)

Naona mke wangu amesimama. Asante, mama, lakini pongezi zimepangwa baada ya neno la shukrani. La tano, pangeni sehemu ya kukutania. Msiseme tukutane pale penye watu wengi. Semeni, tukutane penye kibanda cha bisi, upande wenye benchi. Na mtoto mfundisheni kwamba akiona amebaki peke yake, asizurure, asimfuate kila mtu mwenye uso mzuri, asogee kwa mhudumu mwenye sare, asimame hapo hapo.

(Mtangazaji anapanda ngazi mbili, anapunga mkono. Mke wa Mheshimiwa yuko nyuma yake. Nyuma ya pazia: ngo, ngo, ngo.)

Dada, nakuona, unanikumbusha muda. Usiwe na wasiwasi, bado sijafika kwenye mpango mkakati. Na kipaza sauti, kama nilivyosema, leo kiko kwenye matumizi ya juu zaidi. Ndugu wananchi, mpango mkakati wetu una nguzo tano, kila nguzo ina mihimili, na kila mhimili una...

(Mke wa Mheshimiwa amefika jukwaani. Hanong'oni. Spika zote za bustani zinamchukua: "Mzee, nyamaza kidogo. Wakili haonekani.")

Nini?

(Aiskrimu moja inaanguka.)

Naam. Ndugu wananchi, nimepokea taarifa fupi kutoka kwa mdau wa karibu, kwamba mjukuu wangu hayupo mahali alipokuwapo. Sisi wataalamu hatusemi amepotea. Tunasema kuna hali ya kutoonekana kwa muda. Naomba utulivu. Binti yangu, mtoto alikuwa mkono wa nani?

("Alikuwa kwa baba yake." "Mimi nilimwacha kwa mama mkwe, nikaenda kupanga foleni ya aiskrimu." "Na mimi nikajua kapandishwa jukwaani. Si wewe uliyesema asubuhi utasimama naye?")

Nilisema. Ni kweli nilisema. Halafu nikaanza kutaja waheshimiwa.

(Hakuna anayecheka.)

Mnanitazama. Sina haja ya kutazamwa. Watu wanne tulikuja na mtoto mmoja, na kanuni ni yangu mwenyewe, nimeichapisha kwenye fulana. Nani amemwona? Gauni la njano, soksi moja imeshuka. Picha ya asubuhi sikupiga. Sema, ndugu sungura, sema, nimekuona umenyoosha mkono.

("Mheshimiwa, nilikutana naye pale penye bomba la maji. Ametoka kunywa, anatafuta watu wake, haoni. Akasimama mbele ya kibao, akasoma kwa sauti, Umepotea, fuata mshale. Nikamwambia, twende nikupeleke, akasema, hapana, kibao kimesema mshale. Akafuata mishale. Nilimwona kwa macho yangu akiingia nyuma ya pazia hilo. Mimi nikarudi kukaa, maana ulisema tukae.")

(Makofi yanalipuka. Watu wanapeana mikono. Meneja wa bustani anasimama: "Mfumo umefanya kazi, Mheshimiwa! Kabla hata ya uzinduzi!" Mpiga picha anakimbia mbele. Mke wa Mheshimiwa anaketi kwenye ngazi, anajifuta jasho: "Afadhali. Basi yuko na muuguzi.")

Naam. Naam, ndugu wananchi. Mmejionea. Hii ndiyo maana halisi ya uwekezaji katika... katika vibao. Mtoto amepotea, amesoma, amefuata, amefika. Yuko salama mikononi mwa... Amepokelewa na...

(Makofi. Wimbo unaanza nyuma.)

Ngojeni. Msiimbe.

(Wimbo unakatika.)

Mama, usikae. Simama, mke wangu. Hakuna muuguzi.

("Ametoka?")

Hajatoka. Hajawahi kuingia. Hapana pa kuingia. Ndugu wananchi, maji yamenifika shingoni na sina muda wa kuyasema kwa utaratibu. Nyuma ya pazia hili kuna ubao. Ubao mrefu mmoja. Fundi seremala yule pale aliusimamisha jana, mwenzake akauchora mlango wa kijani, madirisha mawili yenye mapazia, na chungu cha maua ili picha itoke vizuri. Nyuma ya ubao kuna nguzo tatu za kuuegemeza. Nyuma ya nguzo kuna nyasi. Nyuma ya nyasi kuna uzio wenye pengo, tuliubomoa wenyewe kupitishia ubao, na nyuma ya pengo ni bwawa la boti. Na wewe, kijana wa bwawa, uko safu ya tatu, umekalia boya lako, kwa amri yangu. Kimbia, mwanangu. Kimbieni wote. Fundi, wewe pita kulia. Mnangoja nini, niwasomee itifaki?

(Viti vinaanguka. Kijana wa boya tayari ameruka uzio. Mtangazaji amechukua kipaza sauti, sauti yake ni tulivu: "Wakili, mwanangu, kama unanisikia, simama hapo hapo ulipo. Usiende kwenye maji. Tunakuja." Mheshimiwa anashika pazia kwa mikono miwili, analivuta. Fimbo ya pazia inaanguka pamoja nalo.)

(Wakili yupo. Amesimama mbele ya mlango uliochorwa, hatua chache kutoka mahali babu yake aliposimama wakati wote. Vifundo vya vidole vyake ni vya kijani, kwa kuwa rangi haijakauka. Haangalii watu. Anabisha: ngo, ngo, ngo.)

("Wakili!" "Babu, nabisha hodi hawafungui." "Kwa nini hukuniita, mjukuu wangu? Mimi si nilikuwa hapa hapa?" "Ulisema muuguzi yuko ndani. Nikajua hajasikia.")

(Kijana wa boya anarudi akihema, amelowa hadi magotini. Mke wa Mheshimiwa amemkumbatia mtoto na anamkaripia kwa wakati mmoja. Kisha anamgeukia mumewe, kipaza sauti kikiwa karibu: "Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Hii yako ilikuwa na mishale kabisa.")

Dada, nipe hicho kipaza sauti kidogo. Kidogo tu. Nitakurudishia.

(Mtangazaji anafikiri. Anampa.)

Ndugu wananchi, mtanisamehe nikiegemea. La, nisiegemee, huu ni ubao. Nimeogopa. Nimeketi kwenye warsha miaka yote hii nikizungumzia hofu ya mzazi kwa michoro ya rangi, na leo nimeijua iko wapi mwilini, iko hapa chini ya mbavu, na haina rangi. Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya mgongo wangu anabisha, nami nikawaambia ni mafundi wa umaliziaji. Mlinisikia. Mlipiga makofi, na siwalaumu, hata mimi ningepiga.

(Mtu mmoja anapiga makofi. Anazuiwa na mkewe.)

Lakini hotuba iliyoanzwa lazima imalizwe, vinginevyo inakuwa mkosi, na mimi ni mtumishi wa umma. Hivyo niruhusuni nitoe takwimu ya mwisho. Tangu kituo hiki kisimamishwe, watoto waliokifikia ni mmoja, na waliopatikana ni mmoja. Hiyo ni asilimia mia moja.

("Babu.")

Ndiyo, Wakili.

("Mimi sikupatikana kituoni. Nilipatikana nje.")

Marekebisho yamepokelewa. Asilimia sifuri.

(Kicheko, cha kwanza cha kweli siku nzima. Mkwe wa Mheshimiwa anampa mtoto aiskrimu iliyobaki, ambayo sasa ni maziwa.)

Niingie kwenye shukrani. Namshukuru fundi seremala na mwenzake, kwa kuwa mlango waliouchora ni mzuri kiasi kwamba mtoto mwenye akili timamu amebisha hodi muda wote huu bila kukata tamaa. Nawashukuru muuguzi na mlezi mwenye sauti ya upole, popote watakapozaliwa. Navishukuru vitanda vidogo, mdoli na simu, kwa uvumilivu wao wa kutokuwapo. Nawashukuru wafadhili, ambao nimewaonyesha picha ya mlango mara nyingi, na hakuna hata mmoja aliyeomba kuona chumba. Namshukuru ndugu sungura, uliyemsikiliza mtoto kuliko sisi sote tulivyomsikiliza. Siku nyingine nikisema kaa, wewe usikae. Na namshukuru kijana wa boya, ambaye nguo zake zimelowa kwa ajili yangu, na ambaye kuanzia sasa hatoki kwenye bwawa hata aje kuhutubia nani.

(Makofi. Kijana wa boya anakamua suruali.)

Tupeane kaulimbiu tukatawanyike. Nikisema mtoto mmoja, mseme mkono mmoja. Mtoto mmoja!

("Mkono mmoja!")

Tahadhari!

("Kabla ya hatari!")

Kituo chetu!

(Kimya. Wakili peke yake: "Hakipo.")

Kumbe mmejifunza. Sasa hapa Kamati inaniletea mkasi, inataka nikate utepe. Mimi nina mikono miwili tu. Mmoja una kipaza sauti, na mwingine, kama mnavyoona, una mtoto, na yeye ndiye amenishika kuliko nilivyomshika. Mkasi siuwezi. Utepe ubaki, utasaidia kuziba lile pengo la uzio hadi fundi alete mbao, na mbao tunazo, ni hizi hapa, ng'oeni mlango muanze nao. Ninyi waendeshaji, rudini kwenye mashine zenu. Dada mtangazaji, chukua kifaa chako, na mtu yeyote akikuomba akihutubie, awe mimi, awe mkubwa kuliko mimi, mwulize kwanza mtoto wake yuko wapi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wote niliowataja na niliowasahau, nawashukuru sana kwa kuja kwa wingi kuzindua nyumba ambayo haikujengwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Mheshimiwa anashuka jukwaani akiwa ameshikwa mkono. Penye kibao cha mwisho chenye mshale mtoto anasimama, anakisoma kwa sauti, anamgeukia. "Babu, hiki nacho waking'oe. Mtu mwingine atakiamini.")